Sarandibu na Bahati Nasibu

Waingereza wana neno serendipiti, yaani kheri aipatayo mtu bila kuitafuta. Mwandishi Horace Walpole aliliunda mwaka 1754 kutokana na Sarandibu, jina la kale la Kiarabu la Sri Lanka, na hadithi ya Kiajemi ya wana watatu wa mfalme wa huko. Wana hao, alieleza Walpole, walivumbua mambo kwa nasibu pamoja na busara.

Busara hiyo hatuioni hapa Butula kijana apelekapo pesa ya unga kwenye kamari ya mpira, akiiita bahati nasibu. Nasibu kwa Kiarabu ni fungu la mtu; kamari imeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Mama akiambiwa pesa imepotea kwa bahati mbaya, na aulize ilikuwa mechi ipi.