Ukoko Mweupe Ndani ya Birika

Birika la umeme lilipokufa nyumbani kwangu, jambo la kwanza nililofanya ni kumlaumu aliyeniuzia. Fundi wa mtaani alilifungua, asiseme neno, akanigeuzia tu sehemu ya ndani nijionee: kichemshio kilikuwa kimevikwa ukoko mweupe, mgumu, mnene kuliko ganda la yai, na chini yake chuma kimeungua. Ukoko ule sikuhitaji kuelezwa. Ni kitu kile kile kilichoshikilia kuta za Mji Mkongwe, yaani chokaa.

Unguja kwa sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mvua ishukapo huchukua kabonidayoksaidi kutoka hewani, na nyingine zaidi kutoka udongoni ambako mizizi na vijidudu hupumua, ikawa asidi dhaifu. Asidi hiyo hupenya mwambani, ikayeyusha chokaa na kuichukua bila kuonekana hadi visimani na katika chemchemi. Maji ya namna hii ndiyo yaitwayo maji magumu. Yakipashwa moto, hewa ile huyatoka, na chokaa ikikosa cha kuishikilia huganda pale penye moto mkali zaidi. Waashi wetu wa zamani waliijua njia hiyo kwa upande wa pili: walichoma matumbawe katika tanuri mpaka hewa ikatoka, wakaizima chokaa kwa maji, na lipu yao ikaivuta hewa tena polepole hata ikawa jiwe.

Watu wengi huchanganya ugumu na chumvi. Maji ya kisima kilicho karibu na pwani huweza kuwa na vyote viwili, lakini maji yasiyo na ladha yoyote ya chumvi huweza kuwa magumu sana. Wengine huogopa kwamba chokaa hiyo itawadhuru figo. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango chochote cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Hasara yake iko katika sabuni, ambayo hugeuka utando wa kijivu ndooni kabla ya kutoa povu, na katika vyombo. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko chokaa. Sufuria yenye ukoko juu ya jiko la mkaa hupoteza moto pembeni. Kichemshio kilichozama majini hakipotezi joto hivyo, bali hulizuia mwilini mwake mpaka kikaungua. Na birika huungua mara moja tu. Hita ya kuogea huugua kwa miaka.

Sikubaliani na wanaodhani dawa ni kila nyumba na kila hoteli kununua mtambo wa kulainisha maji. Mtambo huo huondoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake, kisha husafishwa kwa maji ya chumvi nyingi, ambayo lazima yamwagwe. Yamwagwe wapi? Katika kisiwa cha mwamba wenye nyufa, kimwagwacho shimoni hurudi chini. Maji matamu ya chini ya kisiwa huelea juu ya maji ya bahari, na kwa hesabu ya kawaida kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na mita 40 hivi za maji matamu chini yake. Akiba kama hiyo haistahili kutiwa chumvi kwa ajili ya mabirika.

Ndimu inatosha. Maji yake, au siki, yakiachwa ndani ya birika kwa muda wa saa moja, ukoko hutoa mapovu na kulainika. Mapovu hayo ni ile hewa ikirudi ilikotoka. (Sufuria ya alumini isiachwe na asidi kwa muda mrefu.) Hita nayo haina haja ya kuwekwa zaidi ya nyuzi 60, kwa kuwa kadiri joto lizidivyo ndivyo ukoko unavyozidi.

Bibi yangu hakusoma kemia, lakini kanga zake alizifua kwa maji ya mlizamu, naye akisema kuwa maji ya kisima "yanakula sabuni". Alikuwa sahihi: maji ya mvua hayajagusa mwamba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,600 kwa mwaka, hupokea lita 96,000. Hata tukikinga nusu yake wakati wa masika na vuli, ni maji mengi ya kufulia na ya birika, maadamu tangi ni safi.

Ningependa Mamlaka ya Maji Zanzibar iwape wananchi kiwango cha ugumu wa maji mtaa kwa mtaa, kwa miligramu katika lita, ili anunuaye hita ajue anachokipeleka nyumbani. Lakini si lazima shule zingoje. Mwanafunzi na achukue chupa mbili zilizo sawa, moja ya maji ya mvua na moja ya maji ya mfereji, atie matone ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa, atikise, na ahesabu matone mpaka povu lisimame. Sabuni ya unga haifai kwa kazi hii, maana haijali sana chokaa. Malindi wakihesabu, na Vuga, na Mkunazini, na Ng'ambo yote, tutakuwa na ramani yetu ya kwanza kwa gharama ya mche mmoja wa sabuni.