Usilaumu programu, angalia waya

Jamani, tuseme mkulima wa mahindi hapa Moi's Bridge amefunga feni ya kukaushia nafaka na chipu ya kuiongoza kwenye betri moja ya volti 12. Feni ikianza, chipu inajizima na kuanza upya. Lawama zote kwa mwandishi wa programu!

Mimi nakataa. Mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida. Ampea 20 zikipita kwenye waya wa omu 0.2, volti 4 zinapotea njiani.

Chipu ipewe waya zake mpaka kwenye betri, kisha kapasita kubwa, na dayodi ili mota isinyonye akiba hiyo. Betri ya pili ya nini? Pesa hiyo inunue mbegu. Au nasema uongo?