Kujenga Gasenyi: kibali peke yake hakizuii ukuta kuanguka

Si kila Mrundi anayerudi kutoka Nyarugusu, Nduta au Mahama anarudi kwenye shamba la wazazi. Wapo wanaotafuta kiwanja pembezoni mwa Bujumbura, katika mitaa ya kaskazini kama Gasenyi. Kabla ya kutoa pesa, kuna swali moja: nani atakagua nyumba yako?

Gasenyi ina sura mbili. Huko ndiko ilikojengwa ikulu mpya kwa msaada wa China, ikakabidhiwa mwaka 2019. Kazi ile ilikuwa na michoro na wahandisi. Lakini nyumba ya mtu wa kawaida, ya matofali mabichi tunayoita rukarakara, mara nyingi inasimamiwa na fundi na mwenye nyumba tu.

Hatari yake tunaijua. Usiku wa kuamkia 10 Februari 2014, maji kutoka milimani yalivamia mitaa ya kaskazini. Watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wao nyumba za udongo zikiwaangukia.

Sheria ipo. Burundi ilipata Sheria ya Mipango Miji, Makazi na Ujenzi Agosti 2016, na ofisi ya serikali inayohusika ni OBUHA. Lakini ofisi moja haiwezi kufika kwenye kila msingi unaochimbwa. Ndiyo maana wengine wanataka wahandisi binafsi waruhusiwe kukagua.

Wazo hilo ni zuri, ila lina mtego. Mkaguzi anayelipwa na mjenzi ataogopa kumwambia abomoe. Na ukaguzi usiofuatiliwa hauokoi mtu. Huko Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita kando ya mto lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Wapangaji walibaki ndani. Tarehe 29 Aprili 2016 lilianguka, likaua watu karibu 50.

Uganda, kwa sheria ya mwaka 2013, iliweka bodi ya taifa na kamati za majengo katika wilaya, ili uamuzi usiwe wa mtu mmoja. Burundi inaweza kujifunza hapo: mkaguzi huru alipwe kupitia komini, asaini jina lake, na awajibike nyumba ikianguka. Kanuni nazo ziitambue rukarakara. Zikidai saruji tupu, maskini atajenga usiku bila kibali.

Kwa sasa, ndugu unayerudi, fanya haya:

- Uliza komini na OBUHA kama kiwanja kiko katika eneo lililokatazwa kujengwa.
- Waulize majirani maji yalifika wapi mwaka 2014.
- Jenga msingi wa mawe ulioinuka, mbali na korongo.
- Mwite mtu anayejua kazi auangalie msingi kabla haujafukiwa.

Ukikimbia vita ukapona, usije ukauawa na ukuta wako mwenyewe.