Gari likizimika njiani Marabo, tusimlaumu fundi peke yake

Ukipita Marabo kwa barabara ya kitaifa nambari 27, kati ya Komanda na Bunia, ni kawaida kukuta gari limesimama kando, boneti iko wazi, na kijana amechuchumaa chini yake akipuliza mpira wa mafuta kwa mdomo. Abiria wameshuka na kukaa juu ya mizigo yao. Wanamtaja fundi aliyelitengeneza gari hilo mara ya mwisho, na hawamtaji kwa sifa.

Fundi ana sehemu yake katika lawama hiyo, lakini sehemu yake si ya kwanza wala si kubwa kuliko zote. Safari ya mafuta haianzi kwenye tangi la gari. Inaanza kwenye bidoni la kadafi kando ya barabara, na kabla ya hapo mpakani. Tena, katika jimbo ambamo gari likibaki peke yake njiani abiria wanaweza kutekwa au kuuawa, mafuta machafu yameshakuwa swala la usalama, na viongozi wetu wanapaswa kulishughulikia hivyo.

Tuanze na magari yenyewe. Mengi ya yale yanayobeba abiria na mihogo kati ya Komanda, Marabo na Bunia hayako tena kama kiwanda kilivyoyatoa. Bodi ni ya gari moja, injini ni ya lingine, tangi limechongwa kwa bati na kuchomelewa mtaani, na pampu imetoka kwenye gari lililokufa zamani. Kwingine kazi ya namna hii hupewa heshima. Kenya, mwaka 1986, serikali iliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa wananchi, ingawa halikufika kamwe sokoni. Uganda, mwaka 2011, watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa Kiira EV, gari la umeme. Vijana wetu wanaunda magari bila bajeti wala maabara, nasi tunaiita kazi yao kubrikole.

Lakini heshima haiondoi matatizo, na gari la kuungaunga lina matatizo yake kwenye mafuta. La kwanza ni pampu isiyolingana na injini. Injini ya zamani yenye kabureta inahitaji msukumo mdogo tu, kama bari 0.2 hadi 0.4. Injini ya esansi yenye injekta inahitaji karibu bari 3, yaani mara kumi hivi. Ukiweka injini ya injekta kwenye bodi iliyokuwa ya kabureta na kuacha pampu ya zamani, gari halitakuwa na nguvu, au halitawaka kabisa. Ukiweka pampu kubwa lakini ukaacha mpira wa zamani, siku moja mpira utapasuka na kumwaga esansi juu ya injini yenye moto. Kosa hilo limekwisha kuunguza magari katika nchi nyingi, si kwetu peke yetu.

La pili ni tangi lisilopumua. Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Fundi aliyechomelea tangi jipya akasahau tundu dogo la hewa, au dereva aliyeziba kifuniko kwa nailoni ili mafuta yasimwagike, wote wametengeneza gari litakalokwenda kilomita kadhaa na kuzimika. Likipumzika kidogo linawaka tena, na watu wanasema lina majini. Fungua kifuniko: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, jini lako ndilo hilo.

La tatu linahusu milima. Tangi la kiwanda lina kuta ndogo ndani zinazozuia mafuta kukimbilia upande mmoja. La mtaani mara nyingi ni sanduku tupu. Likiwa na robo ya mafuta, kwenye mpando yote yanakimbilia nyuma, bomba linavuta hewa, injini inazimika katikati ya mlima na lori lingine linakuja nyuma. Sindano ya dashibodi nayo, kwa kuwa imetoka gari moja na kipimo cha ndani ya tangi kimetoka gari lingine, inaonyesha nusu wakati tangi limekauka. Ndiyo sababu madereva wengi wanapima mafuta kwa kijiti, na wana haki.

Magari ya mazutu yana ugonjwa wao. Mpira ukilegea upande ambao pampu inavuta, hauvuji hata tone. Badala yake unaingiza hewa. Fundi anatazama chini, haoni kitu, anabadilisha injekta, anabadilisha pampu, na mwenye gari anauza mbuzi kulipa. Mpira mmoja unaopitisha mwanga, ukiwekwa kwa muda kabla ya pampu, ungeonyesha mapovu kwa dakika mbili.

Hayo yote ni ya fundi na mwenye gari. Yanatibika kwa pesa kidogo na subira, ilimradi kazi ifanywe kwa mpangilio: kwanza mafuta yenyewe, halafu tundu la hewa, kichungi, mipira, pampu, na mwisho kabisa kabureta au injekta. Kwetu watu wanaanzia mwisho, kwa sababu mwenye gari anataka lirudi barabarani jioni hiyohiyo. Fundi anayeomba siku nzima kuosha tangi anaitwa mvivu.

Na hata fundi bora hawezi kushinda mafuta machafu. Mafuta tunayotumia Ituri mengi yanashukia bandari za Bahari ya Hindi, hasa Mombasa, yanavuka Uganda na kuingia kwetu. Yanatoka kwenye lori la tangi na kuingia kwenye pipa, kutoka pipa kwenda bidoni la lita 20, kutoka bidoni kwenda chupa ya kadafi. Kila yanapomiminwa, kitu kinaweza kuongezeka: vumbi, kutu, maji ya mvua, mabaki ya mawese yaliyokuwa kwenye bidoni. Na mara nyingine kuna mkono wa mtu anayechanganya esansi na mafuta ya taa ili apate faida zaidi.

Maji ni mazito kuliko esansi na kuliko mazutu. Yakiingia kwenye tangi yanakaa chini, palepale ambapo bomba linavutia. Tangi la chuma likilala na mafuta kidogo, unyevu wa hewa ya usiku unaongeza matone na kuta zinashika kutu. Kutu inaingia kwenye kichungi, kichungi kinaziba, nasi tunarudi kwa yule kijana anayepuliza mpira. Mafuta ya taa ndani ya esansi yanafanya injini igonge na kutoa moshi. Esansi ndani ya mazutu ni mbaya zaidi, kwa sababu pampu ya injekta inalainishwa na mazutu yenyewe. Ukiyapunguzia ulaini, chuma kinasaga chuma.

Majirani zetu walikwisha kuliona tatizo hili. Kenya ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuyachanganya kusiwe na faida tena. Tanzania inaweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta ya soko lake la ndani, ili mafuta ya transiti yakirudishwa kuuzwa humo yajulikane. Lakini tuelewe maana yake kwetu: ulinzi huo umewekwa kwa ajili ya soko lao. Mafuta ya transiti ni yetu sisi, nayo hayana alama hiyo. Yakivuka mpaka, anayepaswa kutulinda ni serikali yetu, kupitia Office Congolais de Contrôle, OCC, yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini.

Mtu ataniambia: nchi iko vitani, watu wanakufa, wewe unaandika juu ya vichungi. Ninaandika juu ya vichungi kwa sababu hiyohiyo. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ianze Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, wasafiri wa barabara hizi wamezoea misafara inayosindikizwa na wanajeshi. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, hata msafara uliosindikizwa ulishambuliwa karibu na Ofay, kwenye barabara ya Komanda kwenda Luna. Magari yalichomwa, watu waliuawa na wengine wengi wakatekwa. Kila dereva wa Irumu anajua maana ya gari kuzimika katika msafara. Ukisimama, ama magari yote yanakusubiri na kugeuka shabaha, ama yanakuacha. Abiria aliyelipa nauli Bunia hakuchagua kati ya mambo hayo mawili. Aliyemchagulia ni yule aliyeuza esansi yenye maji na yule aliyeikubali bila kuitazama.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi ya gari kuzimika, nalo ni namna tunavyoliwasha tena. Pampu ikifa, shofere anafunga bidoni juu ya paa au ndani karibu na miguu ya abiria, anateremsha mpira hadi kwenye injini, na safari inaendelea. Ni akili ya haraka, na kwa lori la mazutu, bidoni likiwa nje, inaweza kumfikisha mtu nyumbani. Kwa esansi ni kubeba bomu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unajikusanya miguuni, unasubiri cheche moja ya waya au sigara. Vilevile tangi la esansi lililomwagwa likabaki tupu ni hatari kulichomelea, maana mvuke umebaki ndani. Lioshwe mara kadhaa, kisha lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea kabla moto haujasogezwa. Fundi asiyefanya hivyo si jasiri, na wanafunzi wake wasimwige.

Tufanye nini basi? Wako wanaotaka makadafi wafukuzwe barabarani. Mimi sikubali. Marabo si Kinshasa. Ukimfukuza kadafi, motari atapata wapi lita mbili za kumpeleka mama mjamzito hospitali ya Nyakunde? Kadafi anatufaa. Tumwombe avae jina la muuzaji mafuta kweli: bidoni la mafuta liwe la mafuta tu, mdomo wa faneli uwekwe kitambaa safi au chujio, na sampuli ya kila pipa iwe kwenye chupa nyeupe mbele ya meza. Chupa hiyo ikitulia kwa saa moja, maji yanaonekana chini yakiwa tabaka lao. Mnunuzi aitazame kabla ya kulipa. Jambo hili halihitaji amri ya gavana. Shirika la makadafi na lile la motari wanaweza kulikubaliana wiki hii.

Mwenye gari naye ampe fundi muda na pesa ya kichungi. Kichungi kipya ni rahisi kuliko injekta moja, na ni rahisi sana kuliko kulala Irumu. Tangi lolote linalochongwa mtaani liwe na kizibo cha chini cha kumwagia maji, tundu la hewa, na angalau kuta mbili ndani. Vijana wa shule za ufundi wafundishwe hayo kwenye magari tuliyo nayo, na si kwenye mchoro wa gari ambalo halijawahi kufika Ituri.

Serikali ina deni kubwa zaidi. Ndani ya bei ya kila lita halali kuna malipo ya FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara ulioanzishwa mwaka 2008. Kuna pesa za barieri, kuna karatasi ya kontrole tekniki. Anayelipa hivyo ana haki ya kudai vitu viwili: OCC ipime mafuta pale yanapoingia, Mahagi, Aru na Kasenyi, na matokeo yatangazwe redioni kwa Kiswahili, na kontrole tekniki ifike chini ya gari, ikague tangi, mipira na mahali bidoni limefungwa. Gari la abiria lenye esansi ndani ya kabini lisiruhusiwe kuondoka, hata kama karatasi zake zote ziko sawa.

Kupima pipa la mafuta mpakani hakungoji amani irudi wala barabara ya 27 iwekwe lami. Kunahitaji mtu mmoja mwenye vifaa na mshahara unaolipwa kwa wakati. Mpaka siku hiyo ifike, abiria mwenzangu, kabla hujapanda gari la kwenda Komanda angalia kama kuna bidoni chini ya kiti chako. Likiwapo, mwambie shofere alitoe, hata kama wenzako watakunung'unikia kwamba unawachelewesha.