Mzazi, netiboli siyo uhuni!

Hapa chuo test zimepamba moto, lakini hili nimekaa nalo moyoni tangu nirudi TP. Leo nalitema.

Shule niliyopangiwa, jioni nilikuwa nasimamia netiboli. Mfungaji wetu alikuwa binti wa form two, mpira hata ukirushwa vibaya yeye anaudaka tu. Siku moja baba yake akatokea uwanjani. Nikamwamkia, hata hakuitikia vizuri. "Mwalimu, mwanangu nimemleta kusoma, siyo kurukaruka." Nikajaribu kumweleza, wapi! Akaondoka naye. Binti hakurudi tena mazoezini.

Hoja za mzee zilikuwa mbili: atafeli mtihani wa taifa, na akichelewa kurudi wavulana watamharibu.

Haya, tuhesabu. Mazoezi yetu ni mara mbili kwa wiki, yanaisha saa kumi na moja na nusu, jua bado linawaka. Mzee huyohuyo anamlipia tuisheni ya mtaani kila siku, inaisha saa mbili usiku! Binti anarudi gizani, peke yake. Hapo haogopi, kwa sababu imeitwa kusoma. Sasa jamani, hofu ni ya wavulana kweli, au tumeshaamua tu kwamba mchezo ni upuuzi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili. Anayetoka dawati la shule kwenda benchi la tuisheni atazipata wapi? Ndotoni?

Na wale Serengeti Girls walioifunga Ufaransa 2-1 kule India mwaka 2022, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia U-17, ni mabinti za watu. Wangefungiwa ndani wote, tungeshangilia nini?

Sisemi mzazi asiogope. Aulize: nani anasimamia, wanamaliza saa ngapi, mtoto anarudi na nani. Akikuta pabaya, apige kelele. Ila kuuliza siyo kufuta.

Na sisi walimu watarajiwa tusijitoe. Mimi sikuwahi kumwita yule mzee hata siku moja nimweleze ratiba. Nilisubiri mpaka akaja na hasira zake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyie kwenu mliruhusiwa? Semeni basi. Mimi nawahi lekcha.