Jiko Lililozimika na Wito wa Kutengeneza



Si ajabu, katika nyumba zetu za Butembo na Beni, kukuta jiko la mafuta la pampu limewekwa pembeni, tangi lake la shaba limefunikwa na vumbi, halijawashwa kwa miaka mingi. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa neno moja: limekufa. Ukurasa huu unataka kulipinga neno hilo. Jiko la namna hiyo mara nyingi halijafa. Limeziba au limekauka, na hakuna aliyekubali kuketi mbele yake ili atambue ni lipi kati ya hayo mawili.

Jiko hilo lina umri mkubwa kuliko jimbo letu. Msweden Frans Wilhelm Lindqvist alilibuni mjini Stockholm mwaka 1892, miaka 37 kabla ya Mapadre Waasumpsio kufika katika nchi ya Beni. Halina siri. Tangini hukaa mafuta ya taa. Pampu hushindilia hewa juu yake. Hewa huyasukuma mafuta kupanda hadi kwenye kichomeo. Kichomeo, kikiwa kimepashwa moto kwanza kwa alkoli kidogo, huyageuza mafuta kuwa mvuke, nao mvuke hutoka katika kitundu chembamba na kuwaka kwa mwali wa buluu. Kila sehemu hufunguka kwa spana, na kila sehemu hurudi mahali pake.

Maoni yetu ni haya: kikundi cha vijana cha parokia kinachojifunza kulifungua jiko kama hilo, kulisafisha na kulirudisha katika kazi yake kinafanya kazi ya Kikristo kwa maana kamili ya neno hilo, wala si mchezo wa kupitisha wakati.

Mji wa Butembo unajulikana mbali kwa wafanyabiashara wake, waletao bidhaa kutoka Dubai na China na kuzipitisha Kasindi. Hatuwalaumu, sehemu kubwa ya mji huu imejengwa kwa jasho lao. Lakini urahisi wa kununua umetupokonya uvumilivu wa kutengeneza. Kitu kikikwama siku moja, tunakitafutia mbadala sokoni kabla ya kukitazama. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa, akaonyesha kwamba mkono uliozoea kutupa vitu hauchelewi kutupa watu. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunaujua ukweli huo kwa machungu. Ni mara ngapi kijana asiye na kazi ameambiwa, waziwazi au kwa macho tu, kwamba hafai kitu? Na ni nani anayemngoja njiani baada ya kuambiwa hivyo, kama si yule mwenye bunduki, anayemwahidi kwamba kwake atafaa?

Tazameni basi kazi yenyewe, kwa maana mafundisho yamo ndani yake.

Kwanza, jiko hufunguliwa likiwa baridi, mbali na moto wowote, baada ya kulegeza skurubu ya hewa na kumwaga mafuta yote. Hapo ndipo wenye haraka hukosea. Pili, pampu huvutwa nje na ngozi yake kuchunguzwa. Ngozi iliyokauka haishiki hewa, na mwenye jiko hupampu hadi mkono uchoke bila faida. Mara nyingi dawa yake ni kuiloweka katika mafuta mpaka ilainike na kutanuka tena. Tatu, kitundu cha kichomeo husafishwa kwa sindano nyembamba mno. Atakayetumia msumari atakipanua kitundu, na tangu siku hiyo mwali utakuwa wa manjano, wenye masizi, utakaochafua kila sufuria. Nne, tangi hufungwa, hujazwa hewa na kuzamishwa majini. Povu likitoka penye lehemu, tangi hilo linavuja.

Hapo kazi hugeuka kuwa suala la dhamiri. Tangi lenye ufa si la kumrudishia mama mwenye watoto wanaocheza kando ya moto. Fundi mwaminifu atasema: hili halitengenezeki kwa uwezo wangu, nitatoa sehemu zake nzima zikatumike kwingine. Vivyo hivyo, atamwonya mwenye jiko kwamba mafuta ya taa yaliyochanganywa na esansi huweza kulilipua jiko hata kama limetengenezwa vizuri. Anayenyamaza ili apate malipo yake ameuza maisha ya jirani. Mkumbukeni Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma, mlei kama ninyi, aliyekataa kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa mwaka 2007 kwa sababu ya kukataa huko. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Hakufia madhabahuni, aliuawa kwa sababu ya uaminifu wa kazi yake, kwa kusema kwamba kibaya ni kibaya.

Injili ya Yohane inataja moto wa makaa mara mbili. Mara ya kwanza Petro anaota moto huo uani kwa kuhani mkuu, naye anamkana Bwana. Mara ya pili moto umewashwa ufukweni na Bwana mfufuka mwenyewe, aliyewaandalia wanafunzi wake samaki na mkate. Kando ya moto huo anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Petro anahuzunika, kwa kuwa kufunguliwa kunauma. Lakini Bwana hakumuuliza ili amwache wazi. Alimfungua ili amrudishie kazi yake. Tofauti kati ya kubomoa na kutengeneza ni hiyo: afunguaye ana nia ya kufunga tena.

Wapo watakaosema: mafuta ya taa ni ghali, moshi wake si mzuri, na zama hizi ni za umeme. Wana haki. Penye umeme wa uhakika, na upikie umeme. Jiko hili lisiwashwe katika chumba kisicho na dirisha wazi. Wala hatudai kwamba majiko machache yaliyofufuliwa yatauzuia msitu wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, usigeuzwe kuwa makala. Tunadai jambo dogo zaidi na la hakika zaidi: nyumba yenye njia mbili za kupika haishikwi mateka na bei ya gunia moja, na kijana aliyeufahamu mwendo wa hewa na mafuta katika jiko ameanza kuifahamu pampu ya maji, mashine ya kusaga na injini ya pikipiki.

Kuna pia ndugu zetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu katika vijiji vya Beni, na Kanyabayonga ilipoanguka mwezi Juni 2024 wengine walipanda kuelekea Lubero na Butembo. Aliyekimbia usiku hakubeba jiko. Anapika juu ya mafiga matatu, kwa kuni anazookota, mara nyingine mahali ambapo kuokota kuni ni kuhatarisha maisha.

Kwa hiyo tunapendekeza. Kila mwaka vikundi vyetu huchanga fedha kwa ajili ya kitenge cha sherehe. Mwaka mmoja tu, nusu ya mchango huo inunue spana, sindano, vipande vya ngozi na uzi wa lehemu. Tafuteni fundi mzee wa mtaani, mwombeni kwa heshima awafundishe, na mlipeni. Kusanyeni majiko yaliyolala katika nyumba za parokia. Yatakayopona, mpeni kwanza mwenyewe akihitaji. Asipohitaji, jamaa iliyokimbia vita. Yasiyopona, semeni wazi kwamba hayakupona.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Ni kitu gani nyumbani kwetu tumekiita kilichokufa bila kukifungua?
2. Ni kijana gani wa mtaa wetu tumemhukumu hivyohivyo, na nani kati yetu ataketi mbele yake juma hili?
3. Kazini au shuleni, ni wapi tunashawishiwa kurudisha tangi lenye ufa huku tukinyamaza?

Bwana aliyewasha moto ufukweni aibariki mikono yenu.