Kila Mlango na Ufunguo Wake

Wako watu wasemao kwamba wataalamu watengenezao vitu vya jamii ya bangi katika maabara wangefaa kukatazwa, maana kazi yao huzaa balaa. Mimi sikubaliani nao, nami nitaeleza sababu.

Katika chembe za miili yetu mna vipokezi, mfano wa makufuli madogo. Viwili kati yake huitikia bangi. Cha kwanza, CB1, kimo kwa wingi katika ubongo, nacho kikifunguliwa ndipo mvutaji alewapo. Cha pili, CB2, kilichotambuliwa mwaka 1993, kimo zaidi katika chembe za kinga ya mwili. Bangi hugusa vyote viwili, kwa hiyo haiwezi kumwonyesha mtafiti kazi ipi ni ya kufuli lipi.

Ndiyo maana ulihitajiwa ufunguo wa kufuli moja. Mkemia John W. Huffman, wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alitengeneza pamoja na wasaidizi wake vitu zaidi ya 400 vya namna hii. Kimoja chaitwa JWH-133. Herufi hizo ni za jina lake. Nguvu yake ya kushikamana na CB2 ni kama mara 200 ya nguvu yake kwa CB1. Mtafiti akimpa panya kiasi kilichopimwa, aweza kuuliza: Je, maumivu yamepungua? Uvimbe je? Tena hulinganisha na panya waliozaliwa bila CB2. Hayo ni maswali ya maana kwa kila mgonjwa mwenye maumivu.

Lakini JWH-018, ndugu wa kitu hicho, hakichagui kufuli, na hukifungua CB1 kwa nguvu kupita bangi yenyewe. Mwaka 2008 kilikutwa Ujerumani katika vifurushi vya majani makavu vilivyouzwa kwa jina la Spice, ati ni ubani. Waliovuta vitu vya namna hiyo wamepatwa na mapigo ya moyo kwenda mbio, kutapika, kuona visivyokuwapo, na kifafa, wengine wamekufa. Marekani ilikipiga marufuku mwaka 2011, na wauzaji wakahamia vingine.

Je, tumlaumu nani? Mwizi akichonga ufunguo akaingia nyumba ya watu usiku, hatumfungi fundi wa makufuli. Tukiwakataza watafiti, wauzaji hawataacha biashara yao. Sisi ndio tutakaokosa elimu ya kuwatambua na kuwatibu walioumia.

Hata hivyo, nasi tusidanganyike upande wa pili. JWH-133 hakijakubaliwa kuwa dawa ya mtu. Jambo lililomfaa panya halijathibitika kwa binadamu mpaka lipimwe kwa binadamu, kwa taratibu na kwa idhini. Kitu cha maabara ni cha kuulizia maswali. Si tiba, wala si anasa.

Basi, enyi wanafunzi wenzangu, mtu akikupa kifurushi akasema, “Vuta, hii si bangi,” huenda asema kweli, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Bangi yajulikana, kilichomo mle hakijui hata yeye akuuziaye. Nanyi mpendao kemia, msiiogope. Jifunzeni kwa bidii, maana wachonga funguo wabaya hawalali.